Mstari wa Tarehe Kumi na Sita

Mkono wa Mzee Chaki ulikwama katikati ya ubao. Alikuwa amekwisha kufuta habari ya maji ya bomba, ya mbuzi aliyepotea na ya chanjo ya watoto, kitambaa kibichi kikienda kushoto na kulia kama kila asubuhi, mpaka akafika kwenye mstari ambao hakuweza kuugusa. Aliuandika yeye mwenyewe Jumamosi jioni, kwa herufi za kujishaua, na mwishoni akachora karanga tatu za mzaha: "Mama Karanga atakuwepo kwenye fungu la mchanga kesho. Njooni na meno yenu."

"Niandike na mimi, shemeji," ndivyo Mama Karanga alivyomwambia siku hiyo, beseni kichwani, mkono kiunoni. "Au mimi si habari katika mji huu?"

Leo Jumatatu alikuwa habari, tena peke yake. Mzee Chaki alifumba macho, akapitisha kitambaa. Karanga zikaenda, meno yakaenda, na maji meupe ya chaki yakamtiririka hadi kwenye kiwiko. Kisha akafuta na kisanduku cha chini, kile cha saa za maji, bila hata kukitazama. Laiti angekitazama.

Ubao huo ulikuwa umepigiliwa kwenye ukuta wa ofisi ya mji, mrefu kama milango miwili iliyolazwa, na juu yake kibati cha kuzuia mvua. Aliyezaliwa aliandikwa hapo, na aliyefariki aliandikwa hapo. Kila jioni, chini kabisa, ndani ya kisanduku kilichopigwa kwa rula, ziliandikwa saa za kesho za maji kujaa na maji kupwa, alizonakili kutoka kwenye kijitabu kilicholetwa na ofisi ya bandari mara moja kwa mwaka. Wachimba chaza walitoka kwa saa hizo. Waliofunga mashua walifunga kwa saa hizo. Miaka thelathini na mmoja aliandika, na katika miaka hiyo jina lake la kuzaliwa lilisahauliwa hata na watu waliomzaa, likabaki hili la chaki.

Na watu waliuamini ubao ule kupita kiasi. Mwaka mmoja aliandika kimakosa kwamba mkutano wa mji ni Jumanne badala ya Jumatano, na mji mzima ukaja Jumanne, mwenyekiti akiwemo, ambaye ndiye aliyeuitisha. Alipoulizwa mbona amekuja siku isiyo yake, alisema, "Ubao umesema." Walicheka wiki nzima. Mzee Chaki alicheka nao, lakini moyoni alivimba kwa fahari, na tangu siku ile akaanza kutembea kama mtu aliyebeba kitu chenye kumwagika.

Hiyo ndiyo sababu hakumwambia mtu kuhusu macho yake. Mtoto wa jicho alimwanza miaka mitatu nyuma, jicho la kulia kwanza, kisha la kushoto likafuata kama mdogo mtu. Kuandika hakukumpa taabu, maana mkono wenyewe ulikuwa umekwisha kuujua ubao. Kazi ilikuwa kusoma kijitabu. Tarakimu zake zilikuwa ndogo kama mayai ya chawa, na alizisoma kwa kioo alichokitoa kwenye tochi mbovu, akijificha nyuma ya ofisi kama mwanafunzi anayeibia mtihani. Mkewe peke yake ndiye aliyejua, na alijua kwa sababu chai ilianza kumiminwa mezani badala ya kikombeni.

Alitia chaki mpya mkononi. Kwanza aandike saa za maji za leo, ajipe muda, kisha ndiyo aandike kifo. Kawaida kisanduku hujazwa jioni ya jana yake, lakini jana jioni hakuna aliyekumbuka ubao. Mji mzima ulikuwa ufukoni ukingoja maji yaurudishie maiti. Akatoa kijitabu mfukoni, akaenda nyuma ya ofisi penye jua la asubuhi, akakiweka kioo juu ya ukurasa. Tarehe kumi na saba: maji kupwa, saa nne na dakika arobaini na mbili. Akarudi, akaandika.

Aliposogea nyuma kuangalia mstari umenyooka au la, kitu kikamgonga. Chini ya tarakimu mpya kulikuwa bado na kivuli cha zile za zamani, maana kitambaa hakikufuta vizuri. Saa tano na dakika ishirini. Hizo ndizo alizoandika kwa ajili ya jana.

Mtu mwingine asingeona kitu hapo. Lakini maji, kama ujuavyo au kama hujui, kila siku huchelewa. Yakipwa saa nne leo, kesho yatakupwa saa nne na dakika kadhaa, na keshokutwa zaidi. Huchelewa tu, hayarudi nyuma hata siku moja. Iweje basi jana yapwe saa tano na ishirini, na leo yapwe saa nne na arobaini na mbili?

Alirudi nyuma ya ofisi. Alitafuta tarehe kumi na sita. Saa nne na dakika tano. Akashuka mistari miwili, taratibu, kidole kikimsaidia. Tarehe kumi na nane: saa tano na dakika ishirini.

Sita na nane. Katika chapa ile mbovu ya kijitabu, na katika jioni ile yenye mawingu ya Jumamosi, na katika macho yake yenye ukungu, sita na nane zilikuwa kitu kimoja. Alikuwa amewapa watu maji ya Jumanne wayatumie Jumapili. Aliwaongezea saa nzima na robo ambayo bahari haikuwa nayo.

Akakaa chini kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, kijitabu kifuani, na akaiona Jumapili yote upya, kuanzia mwanzo.

Mara moja kwa mwaka, maji yakipwa sana, fungu la mchanga hutokea mbele ya mji, jeupe, gumu, pana kama kiwanja, na timu ya soko hucheza mpira na timu ya shule. Mji wote huvuka kwenda kuangalia. Kati ya fungu na ufuko kuna mkondo, ambao maji yakiwa yamekupwa huvukwa kwa maji ya vifundoni. Yakianza kurudi, mkondo ndio hujaa kwanza, huko nyuma, wakati fungu lenyewe bado kavu na watu wanashangilia. Kwa hiyo sheria ni moja: ndani ya saa moja baada ya kupwa kabisa, kila mtu awe amevuka kurudi. Refa alikuwa kinyozi, kwa sababu hakuwa mtu wa soko wala wa shule, na wote aliwanyoa sawasawa. Jumamosi jioni alipita mbio kusoma ubao, akaenda kuzipangia timu mbili saa ya kuanza. Waliofika fungu mapema walistaajabu kidogo. "Leo limewahi kujianika," alisema mmoja. Basi, ikaishia hapo. Wanaoijua bahari walikuwa baharini; waliokuwa funguni walikuwa wachuuzi, walimu, mafundi cherehani na watoto, watu wa saa za mkononi.

Mchezo uliisha bila bila. Watu wakadai penalti. Kinyozi alitazama saa yake, akaona kwamba kwa mujibu wa ubao ana muda wa kutosha, akakubali. Penalti ya nne ilipokuwa inawekwa, mtoto mmoja alipiga kelele kwamba mkondo umejaa. Walivuka wakishikana mikono, maji kiunoni, kisha kifuani, wakubwa wamebeba wadogo mabegani, na wote walifika isipokuwa mmoja. Mama Karanga alikuwa na goti bovu. Alikuwa wa mwisho kwa sababu alikuwa akipanga beseni lake. Kinyozi aliingia majini mara mbili kumfuata, na mara ya pili alitoka na beseni.

Tangu hapo mji ulikuwa na neno moja tu mdomoni: penalti. Nani aliyeruhusu penalti?

"Mzee Chaki! Uko wapi wewe?"

Ilikuwa sauti ya mwenyekiti wa mji, mama mnene mwenye funguo nyingi kiunoni. Mzee Chaki alikitia kijitabu mfukoni, akazunguka mbele akijishika ukutani. Mwenyekiti alikuwa na karatasi mkononi na macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Pole, mzee wangu. Najua alikuwa kama wenu nyumbani."

"Tumeshapoa, mama."

"Andika. Mazishi ni saa tisa. Wakitoka makaburini watu waje hapa moja kwa moja, kutakuwa na mkutano." Alishusha pumzi. "Kisha andika hili, kamati imeshaamua. Vijana wamevunja kioo cha kinyozi alfajiri hii. Wakiliona jambo liko ubaoni watajua limeshughulikiwa, watatulia. Wasipoliona watalishughulikia wao, na unajua watakavyolishughulikia."

Alimsomea polepole, kama mwalimu wa imla. Mzee Chaki aliandika. Herufi zilitoka nzuri, zimenyooka, maana mkono ule haukujua aibu. "Tunasikitika kuwatangazia kifo cha ndugu yetu Mama Karanga, mke wa Fundi Viatu, aliyezama mkondoni Jumapili tarehe kumi na sita, kwa uzembe wa..."

"Kwa uzembe wa mwamuzi wa mchezo," mwenyekiti alisema, "ambaye anatakiwa kuuhama mji huu kabla ya Ijumaa."

Chaki haikusogea.

"Vipi?"

"Kichwa, mama. Kinanizunguka." Na hapo hakusema uongo. "Nipe nafasi kidogo ninywe maji. Nitamalizia."

Mwenyekiti alimtazama, akamwonea huruma, na huruma ile ilimchoma kuliko tusi. "Basi. Ila kabla ya mazishi, mzee. Usiniangushe."

Maneno yakabaki ubaoni yakiwa wazi mwishoni, na Mzee Chaki akaondoka akiyapa mgongo.

Njia ya nyumbani ilipita mbele ya kibanda cha kinyozi. Angeweza kuzunguka kwa nyuma, sokoni; alifikiria hivyo, na wakati anafikiria akawa ameshafika. Kioo kikubwa cha ukutani kilikuwa kimepasuka kuanzia kona moja hadi nyingine. Jiwe lenyewe lilikuwa bado sakafuni, hakuna aliyeliondoa. Kinyozi alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha wateja, amejifunga lile shuka la kunyolea shingoni kama anayengoja zamu, na filimbi ilikuwa imetundikwa kwenye msumari juu ya kichwa chake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Karibu. Mteja hakuna leo, kama unavyoona." Alijaribu kucheka. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, mkewe mjamzito, na kwa siku moja ile mashavu yalikuwa yamemwingia ndani. "Nilitaka nikufuate wewe, nikaogopa kutoka. Nataka kukuuliza kitu kimoja, na unijibu kama baba yangu."

Mzee Chaki hakuketi. "Uliza."

"Wewe ndiye uliyeandika. Ubao ulisema saa tano na dakika ishirini, au ulisema saa nne na dakika ishirini, mimi nikasoma vibaya? Maana nilipita mbio, mzee. Nilimwacha mtu kitini amenyolewa upande mmoja. Nimewauliza wengine, hakuna aliyesoma mwenyewe, wote wanasema walisikia kwangu. Na maji yale hayakuwa ya saa tano na ishirini. Nimekaa hapa nayahesabu toka jana, hayawezi kuwa. Kwa hiyo ni mimi. Ni macho yangu haya." Alijigusa macho kwa vidole viwili. "Niambie tu, nijue moja. Nitahama, si kitu. Ila nijue kama nilisoma vibaya."

Mzee Chaki alisikia kwa mbali mtu anasukuma toroli barabarani, gurudumu likilia. Jibu lilikuwa mdomoni mwake. Lilikuwa fupi, halikuzidi pumzi moja. Alifungua kinywa.

"Sikumbuki, mwanangu," alisema. "Ubao huwa naufuta."

Kinyozi aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayekubali bei. "Ni kweli. Utakumbukaje yote."

Mzee Chaki alitoka. Alijichukia. Hakuna namna nyingine ya kulisema hilo. Alitembea hadi nyumbani akijichukia kila hatua, na jua la saa tano lilikuwa linawaka juu ya mabati kama vile hakuna kilichotokea.

Mkewe alikuwa uani, anachagua mchele kwenye ungo kwa ajili ya msibani. Hakuinua kichwa. "Umekwisha kuwaandikia? Mbona mapema?" Kisha akainua, akamwona. "Unaumwa?"

Mzee Chaki alimpa kijitabu, kimefunguliwa. "Nisomee tarehe kumi na sita."

"Mimi na vitabu vyako vya maji!"

"Nisomee, mke wangu."

Alijifuta mikono, akasoma. Akasoma na ya kumi na nane alipoambiwa asome. Hakuwa mtu wa kuelezwa jambo mara mbili. Mke wa mwandika ubao anajua ubao ulisema nini Jumapili. Uso wake ulibadilika pole pole, na ungo ukamshuka mapajani.

"Nani anajua?"

"Wewe."

"Nani mwingine?"

"Hakuna. Nimekwisha kufuta."

Mkewe aliinuka, akafunga mlango wa ua, akarudi. Alipozungumza, alizungumza chini chini na haraka. "Basi imekwisha. Sikiliza, baba. Kusema kwako kutamfufua? Kinyozi ni kijana. Ana mikono, ana ufundi, vichwa vya kunyoa viko kila mji. Atahama, atalia mwaka mmoja, atasahau. Wewe utahamia wapi? Unaona hatua tano mbele yako. Mimi nina miguu hii inayovimba. Na penalti aliruhusu, hukumlazimisha wewe. Wangetoka mapema asingekufa mtu. Au nasema uongo?"

"Husemi uongo."

"Na Fundi Viatu? Umefikiria utamtazamaje Fundi Viatu?"

Hilo ndilo alilokuwa akilikwepa tangu asubuhi. Fundi Viatu hakujua kusoma. Kwa miaka ishirini alishonea viatu chini ya ngazi za ofisi ya mji, hatua kumi kutoka kwenye ubao, na kila jioni akikunja mkeka wake huja kusimama na kusema, "Nisomee, kaka." Na Mzee Chaki humsomea, kidole chini ya maneno, kutoka juu hadi kwenye kisanduku cha chini. Jumamosi alimsomea vilevile. Fundi Viatu aliibeba saa ile hadi nyumbani, akampa mkewe kwa mdomo wake.

"Lete hapa," mkewe alisema, akanyoosha mkono kukitaka kijitabu. "Jiko linawaka. Utasema kimepotea, utaomba kingine."

Mzee Chaki alimwachia. Mkewe alichana ule ukurasa, akaukunja mara mbili, akainama jikoni. Mzee Chaki alikuwa ameketi kwenye kigoda, ameshika tama.

"Nimepita kwa kinyozi," alisema. "Ameniuliza kama alisoma vibaya. Hakuuliza jambo jingine. Anadhani ni macho yake."

Mkono wa mkewe ulisimama juu ya makaa.

"Ukamwambia nini?"

"Nimemwambia sikumbuki."

"Umemwambia hivyo? Kijana wa watu, mkewe na tumbo lile, ukamwambia hivyo?"

"Nimemwambia hivyo."

Mkewe alikaa ameinama vile kwa muda. Moshi ulimwingia machoni, au labda haukuwa moshi. Kisha alinyooka, akauweka ukurasa juu ya meza, akaunyoosha mikunjo kwa kiganja, taratibu, kama anapiga pasi. Aliingia ndani. Alipotoka alikuwa na shati jeupe la mumewe, lile la kwendea harusini na mazishini, amelikung'uta na kuligeuza kola.

"Vaa hili," alisema. "Usiende kusema maneno kama hayo na shati la chaki."

Alimfunga vifungo yeye mwenyewe, kimoja kimoja, maana mumewe alikuwa anapapasa. Kifungo cha juu kilimchukua muda mrefu. Mzee Chaki alipofika mlangoni aligeuka; mkewe alikuwa ameshika ungo, lakini mchele hakuwa anauchagua.

Ilikuwa saa nane kasoro aliporudi kwenye ubao. Barabara ilikuwa tupu. Watu walikuwa msibani, wengine makaburini wanachimba. Maneno yalikuwa palepale alipoyaacha. "Kwa uzembe wa," na baada ya hapo weusi mtupu.

Alitafuta chaki ndefu kwenye mkebe, kisha akaona hata kipande kinatosha. Mkono, ambao miaka thelathini na mmoja haukuwahi kumgomea, ulikuwa mzito kama wa mtu mwingine. Aliandika herufi moja, akapumzika. Akaandika nyingine. "Mwandika ubao." Kisha chini yake, kwa sababu alikuwa mtu wa kazi na kazi haikamiliki bila maelezo, akaongeza: "Tarehe kumi na sita maji yalikupwa saa nne na dakika tano. Mimi niliandika saa tano na dakika ishirini. Macho yangu hayaoni. Kinyozi alisoma sawasawa." Akautoa mfukoni ule ukurasa, akaubandika pembeni kwa gundi ya unga iliyokuwa kwenye kopo, mahali ambapo hubandika picha za waliopotea.

Akasimama. Hakujua afanye nini na mikono yake. Alifikiri aende kwa mwenyekiti kwanza, au kwa kinyozi kwanza, na akiwa bado anafikiri alisikia nyayo nyuma yake, nyayo alizozijua bila kugeuka, kwa sababu kisigino kimoja kilikuwa kinakokotwa.

"Kaka."

Fundi Viatu alikuwa ameshika kiatu kimoja cha mkewe, ndala ya ngozi aliyomshonea mwenyewe, mkanda wake umekatika. Alikuwa amekuja kuchukua sindano na uzi chini ya ngazi. "Wameniletea hivi," alisema. "Kingine hakikuonekana. Nikasema siwezi kukiacha kimekatika." Macho yake yalikuwa makavu na mekundu. Alisogea karibu, akasimama mahali pake pa kila jioni, bega kwa bega na rafiki yake, akautazama ubao kama mtu anayetazama dirisha lililofungwa.

"Naona mmeandika," alisema. "Wamesema mtamwandika huyo kinyozi, na nimesema ni sawa. Nimesema wamwandike kwa herufi kubwa. Mimi ndiye niliyempelekea mke wangu ile saa, unajua? Kwa mdomo wangu. Nilimwambia nenda, una muda. Kumbe yule huku anaruhusu penalti." Akakaza meno. "Nisomee, kaka. Nisomee yote, usiruke."

Mzee Chaki alinyoosha mkono. Kidole kilikuwa cheupe kwa chaki. Alikiweka chini ya neno la kwanza. Akasoma mazishi, saa tisa. Akasoma mkutano. Akasoma jina la marehemu, na mke wa nani, na wapi alizama. Fundi Viatu aliitikia kila neno kwa kichwa, kama alivyofanya siku zote, kama mtu anayepokea vitu na kuvipanga.

"Kwa uzembe wa," Mzee Chaki akasoma, na kidole kikasimama.

"Endelea."

Akaendelea. Alisoma neno baada ya neno, hakuruka, mpaka kwenye macho yasiyoona, mpaka kwenye kinyozi aliyesoma sawasawa. Alipomaliza hakuthubutu kugeuza kichwa. Alisikia tu pumzi ya mtu aliyekuwa karibu yake kwa miaka ishirini, ikiingia na kutoka, na mkanda wa ndala ukigonga gonga pajani.

Mbali, upande wa msibani, watu walikuwa wameanza kutoka. Sauti zao zilikuwa zinashuka barabarani.

"Soma tena," alisema Fundi Viatu.

Mzee Chaki akakirudisha kidole juu, chini ya neno la kwanza, akasoma tena.